Kuandika kwa kusema: maswali ninayoulizwa kila wiki mezani kwangu Wandegeya

Nina meza, kompyuta mbili na printa moja yenye kiburi hapa Wandegeya, Kampala. Nachapa tasnifu za wanafunzi, barua za wapangaji, kumbukumbu za vikao vya SACCO na mahubiri ya wachungaji kutoka Kongo. Nilizaliwa Busia, upande huu wa mpaka, kwa hiyo kila anayetaka kuandikiwa Kiswahili huelekezwa kwangu. Siku hizi nusu ya wateja wananiuliza jambo moja: je, simu haiwezi kuandika yenyewe mtu akisema tu? Inaweza. Haya ndiyo majibu niliyochoka kuyarudia kwa mdomo.

Hiyo programu inafanya nini hasa?

Inasikiliza sauti yako, inaikata vipande vidogo vidogo, inakisia kila kipande ni sauti gani, kisha inakisia maneno gani yana uwezekano mkubwa wa kufuatana. Neno la kushika hapo ni *inakisia*. Kumbuka imla tuliyofanyiwa shuleni, mwalimu anasoma, wewe unaandika. Mtoto aliyeketi nyuma, asiyesikia vizuri, huandika neno analolijua badala ya lile lililosemwa. Simu yako ni mtoto huyo, ila ana mwandiko mzuri.

Je, ni jambo jipya?

Si jipya kwa wenzetu. Mwaka 1952 maabara za Bell huko Marekani zilikuwa na mashine iliyoitwa Audrey, iliyotambua tarakimu zikitamkwa moja moja. Mwaka 1997 programu ya Dragon NaturallySpeaking ilimruhusu mtu wa kawaida kusema Kiingereza mfululizo bila kusitasita baada ya kila neno. Kiswahili kiliingia kwenye orodha ya Google ya lugha za kuandika kwa kutamka Agosti 2017, pamoja na Kiamhari na nyingine, lugha 30 kwa mpigo. Tulingoja miaka 20 baada ya Kiingereza, na pengo hilo utaliona kwenye makosa.

Ni kweli ni haraka kuliko vidole?

Kusema ni haraka, hilo halina ubishi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walilinganisha kuchapa na kusema kwenye simu, wakakuta kusema Kiingereza ni haraka takriban mara tatu. Lakini hicho kilikuwa Kiingereza, tena sentensi fupi walizopewa watu wazisome. Wewe unataka kuandika barua ya kuomba kazi, kwa Kiswahili, na hujajua bado unataka kusema nini.

Hesabu yangu mwenyewe ni hii. Barua ya ukurasa mmoja naisema kwa dakika nne hivi. Kuisahihisha kunanichukua mara mbili ya hapo, wakati mwingine zaidi. Mimi ninayechapa kwa vidole kumi sipati faida kubwa. Mteja anayechapa kwa kidole kimoja huku akitafuta herufi M kama aliyepoteza funguo, huyo anapata faida hata akisahihisha kila neno la tatu. Kabla hujaniamini, chukua saa ukajipime, lakini usisimamishe saa unapomaliza kusema. Isimamishe barua inapokuwa tayari kutumwa.

Sina pesa ya kununua programu. Nianzie wapi?

Usinunue kitu. Kwenye simu ya Android pakua Gboard, kibodi ya Google, kama haimo, ingia kwenye mipangilio yake, ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, kisha fungua sehemu ya kuandika kwa kutamka uhakikishe Kiswahili kimechaguliwa hapo pia. Watu wengi huishia hatua ya kwanza. Kibodi inakuwa ya Kiswahili lakini maikrofoni bado inasikia Kiingereza, na mtu anasema "habari za asubuhi" anapata sentensi ya ajabu kuhusu barafu. Halafu anakuja kuniambia mashine haijui Kiswahili.

Kwenye kompyuta, fungua Google Docs ndani ya Chrome, ingia kwenye menyu ya zana, chagua kuandika kwa kutamka, au bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Chagua Kiswahili kwenye orodha iliyo juu ya alama ya maikrofoni, kisha bonyeza maikrofoni yenyewe. Ukinyamaza muda mrefu inajizima, na wengi huendelea kuhutubia kompyuta iliyokwisha kulala.

Naona kuna Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Cha Uganda kiko wapi?

Hakipo. Tuna Kiswahili kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini kwenye orodha ya maikrofoni sisi ni wageni wa majirani. Chagua kwa kujaribu. Soma aya moja ileile mara mbili, mara moja kwa kila chaguo, uhesabu makosa. Mimi wa Busia napata nafuu kwa Kenya. Kuna mwalimu mteja wangu aliyesomea Dar es Salaam, naye haachi Tanzania.

Mbona inaandika mambo ambayo sikusema?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake ni refu.

Mashine ilifunzwa kwa sauti za watu, na sauti za Kiswahili ilizofunzwa nazo kwa sehemu kubwa si zetu. Sisi tunaingia Kiswahili tukiwa na lugha za nyumbani, na kila lugha ina deni lake. Mganda, yaani msemaji wa Luganda, ana *l* na *r* kama sauti moja inayobadilika kufuatana na irabu iliyotangulia. Baada ya *e* na *i* anasema *r*, kwingine anasema *l*. Ndiyo maana "habari" inatoka "habali", "mbele" inatoka "mbere", na "kupiga kura" inatoka "kupiga kula". Niliwahi kupokea kumbukumbu za kikao cha akiba na mikopo zilizosema wanachama wote walipika kula. Nilifurahi kwa niaba yao, kisha nikarekebisha.

*Ki* nayo kwa Mganda hulainika ikawa karibu na *chi*. "Kila kitu" inakuwa "chila chitu", na mashine isipolijua neno hilo inaokota la jirani. Wenzetu wa kaskazini huwa na *s* pale penye *sh*, kwa hiyo shamba linageuka samba. "Thelathini" wengi wetu tunaisema "selasini", na "ghali" tunaisema "gali". Hayo yote jicho huyaona haraka kwa sababu matokeo ni ya kuchekesha.

Makosa ya hatari ni yale yasiyochekesha. Angalia kitenzi cha Kiswahili kinavyojengwa: mtendaji, wakati, mtendwa na tendo, vyote ndani ya neno moja. "Nitakupigia" na "nitampigia" vinatofautiana silabi moja katikati, na silabi hiyo ndiyo inayosema nani atapigiwa simu. Ukiimeza, mashine haitaacha nafasi wazi wala haitakuuliza. Itachagua ile inayoonekana mara nyingi zaidi, na sentensi itakuwa safi kabisa kisarufi.

Halafu kuna *h*. Luganda haina *h* ya kawaida, na wengi wetu tunaidondosha hata kwenye Kiswahili. Lakini *h* ndiyo mlango wa kukanusha: hatu-, hawa-, ham-, ha-. Mwaka jana alikuja mwakilishi wa wapangaji wa vyumba fulani, akataka barua kwa mwenye nyumba. Alikuwa ameshaisema kwenye simu yake, alitaka nichape tu nakala safi. Yeye alisema: "Hatutalipa nyongeza kabla ya choo kutengenezwa." Mdomoni ilitoka "atutalipa". Simu haikuona neno kama hilo, ikaandika: "Tutalipa nyongeza kabla ya choo kutengenezwa." Niliisoma. Ilikuwa na mtiririko, nukta na adabu zote. Nikaichapa, nikagonga muhuri wa tarehe, nikachukua hela yangu. Siku ya tatu mwakilishi akarudi. Mwenye nyumba alikuwa amewatembelea akitabasamu, akawashukuru kwa uelewa wao, na choo bado kilikuwa vilevile.

Tangu siku ile nina desturi mbili. Ya kwanza, nikimaliza kusahihisha ukurasa, naupitia mara nyingine nikitazama vichwa vya vitenzi tu: *ni-, si-, tu-, hatu-, wa-, hawa-*. Sisomi maana, nasoma vichwa, na kwa kila kimoja namuuliza mwenye barua: unakubali au unakataa? Ya pili, nawaambia wateja wakanushe kwa neno zito badala ya herufi moja nyepesi. Badala ya "hatutalipa", sema "tunakataa kulipa". Badala ya "hajafika", sema "bado kufika". Si Kiswahili cha mashairi, lakini neno "kataa" mashine hailimezi.

Nukta na mkato zinaandikwaje?

Kwa Kiingereza mtu husema jina la alama na alama inatokea. Kwa Kiswahili usitegemee hivyo. Kwenye Google Docs alama za kutamkwa ni za lugha chache za Ulaya, yetu haimo. Utapata mto wa maneno usio na daraja.

Njia mbili. Kwenye simu, sema sentensi moja, gusa nukta kwa kidole, sema nyingine. Hii pia inakulazimisha kupumua. Kwenye kompyuta, chagua neno ambalo hutalihitaji mahali pengine kwenye maandishi, liseme mwisho wa kila sentensi, kisha mwishoni tumia Ctrl na H kulibadilisha lote kuwa nukta kwa mara moja. Watu hupenda kutumia "nukta" yenyewe. Kwa mkato usiseme "koma", kwa sababu siku utakapoandika kuhusu kuukoma ulevi utaharibu kila kitu.

Nilifundishwa njia hii na afande mmoja mstaafu, ingawa hakujua kama ananifundisha. Alikuja kuandika maisha yake. Nikamwekea kompyuta, nikamwambia, "Mzee, sema tu." Akakaa wima, akaanza kama anatoa ripoti kwenye redio ya jeshi, na kila sentensi akaifunga kwa "ova". Mashine ikaandika "ova" karibu kila mara. Nilipotaka kumkatiza, nikaona ameshanipa nukta zangu zote bure. Nikabadilisha kila "ova" kuwa nukta, nikajiona fundi. Kisha mzee akasoma akakunja uso: "Kijana, Jeh. ni nani?" Alikuwa amemshukuru Jehova mara kumi na moja. Kwa hiyo unapobadilisha, tafuta neno likiwa na nafasi mbele yake, au, kama unatumia Word, weka alama kwenye kisanduku cha neno zima.

Vipi tarakimu, pesa na saa?

Andika kwa vidole. Kiswahili chenyewe kina mtego hapa hata kabla mashine haijaingia. "Elfu ishirini na tano" kwa wengi ni 25,000, lakini kwa maneno yalivyopangwa inaweza pia kusomwa 20,005. Binadamu anajua karo haiwezi kuwa shilingi elfu ishirini na senti za maandazi. Mashine haijui karo. "Laki mbili na nusu" ni 250,000 kwa kila mtu wa Kikuubo, lakini usishangae ukikuta laki mbili upande mmoja na nusu imeachwa peke yake upande wa pili.

Saa pia. Ukisema "saa mbili asubuhi" na ikaandikwa "saa 2 asubuhi", kwa sisi ni sawa. Katibu wa ofisi anayeihamishia kwenye kalenda ya Kiingereza atakuandalia kikao usiku wa manane. Kwa barua ya ofisi naandika saa kamili ya kimataifa, 8:00, halafu naongeza neno asubuhi.

Majina ya watu na mahali yanaharibika yote.

Yataendelea kuharibika. Kato anakuwa "kata", Wasswa anakuwa "wasua", Kyenjojo inakuwa chochote. Nakapiripirit nimeiona imegeuzwa kuwa pilipili. Maandishi ya Luganda hurudia herufi, Ssembabule, Nnyabo, na hakuna sikio la mashine ya Kiswahili litakalokisia hiyo *s* ya pili.

Usipigane nayo. Unaposema, weka alama badala ya jina: sema "jina la kwanza" kila unapomtaja mlalamikaji na "jina la pili" kila unapomtaja shahidi, kisha ubadilishe yote mwishoni kwa Ctrl na H. Jina litaandikwa sawasawa kila mahali, jambo ambalo hata wachapaji wa vidole hulikosea.

Mimi nachanganya Kiswahili, Kiingereza na Luganda. Itaelewa?

Hapana. Sentensi kama "Nimeforwadi ile risiti kwa bosi, naye akasema webale" ni ya kawaida kabisa Kampala, lakini kwa mashine ni lugha tatu na ilipewa moja. Amua lugha kabla ya kubonyeza maikrofoni. Neno la kigeni likikutoka, sema "pengo" usonge mbele, ulijaze baadaye. Usirudi nyuma kulirekebisha katikati ya mawazo. Kwa hakika hapo ndipo watu wanapopoteza ule muda waliokuja kuutafuta.

Je, naweza kusema Luganda, Kirunyankole au Kiacholi ikaandika?

Kazi inafanyika, na inafanyika hapahapa. Maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere imeshiriki kukusanya sauti za Luganda kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambako watu wa kawaida husoma sentensi kwa sauti na wengine husikiliza na kuthibitisha. Sauti hizo ziko wazi kwa yeyote kuzitumia. Sunbird AI ya Kampala nayo imetengeneza mkusanyo wa maandishi na sauti unaohusu Luganda, Runyankole, Acholi, Ateso na Lugbara. Mei 2023 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wake wa kutambua usemi uitwao MMS kwa lugha zaidi ya 1,100, uliofunzwa kwa sehemu kubwa kwa usomaji wa Agano Jipya. Mashine iliyolelewa kanisani inajua "Wafarisayo" kabla ya kujua "bei ya saruji".

Ukiwa na nusu saa isiyo na kazi, nenda Common Voice usome sentensi chache za Kiswahili kwa matamshi yako ya Masaka au Lira. Ni msaada wa moja kwa moja kwa tatizo la *h* nililoeleza.

Kelele zinaathiri kiasi gani?

Sana. Maikrofoni ya simu ishike umbali wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiigonge. Spika za masikioni zenye waya na maikrofoni ndogo, zile za bei ya chini kabisa, zinanisaidia kuliko simu ya bei kubwa iliyowekwa mezani. Kondakta anayeita abiria wa Kawempe dirishani mwangu ameshaingia kwenye tasnifu mbili.

Mvua kwenye mabati ni mwisho wa kazi. Ikianza, zima, weka maji ya chai.

Itamaliza bando langu?

Pungufu kuliko unavyohofia. Sauti iliyobanwa kwa kilobiti 24 kwa sekunde ni kama kilobaiti 180 kwa dakika, yaani chini ya megabaiti 11 kwa saa nzima ya kusema bila kupumzika. Video chache fupi za kuchekesha zinakula zaidi. Tatizo si wingi wa data, ni mtandao kukatika katikati ya sentensi. Kujua kama simu yako inahitaji mtandao, zima data, bonyeza maikrofoni, sema kitu. Jibu utalipata papo hapo.

Bando lenyewe kuwa ghali ni habari nyingine. Tulitozwa shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na Julai 2021 hiyo ikaondolewa ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data. Hilo sina dawa yake.

Nimerekodi mahojiano ya saa mbili. Naweza kuyacheza kwenye spika mbele ya simu ili iandike?

Kila mwanafunzi wa utafiti amejaribu hilo. Linafanya kazi vibaya: sauti inatoka kwenye spika, inagonga ukuta, inarudi, watu wawili wanasemezana kwa pamoja, na simu inaona ni mtu mmoja aliyechanganyikiwa.

Kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni ya kizamani lakini naipenda: vaa spika za masikioni, sikiliza sentensi moja, simamisha, irudie wewe mwenyewe kwa sauti yako tulivu kwenye maikrofoni. Mashine inasikia mtu mmoja, chumba kimoja. Unapata pia nafasi ya kuruka zile "eeh" na "si unajua".

Ya pili ni Whisper, programu iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, ya bure, unayoweza kuiendesha ndani ya kompyuta yako bila mtandao ukishaipakua. Ina ukubwa mbalimbali: ule uitwao "small" ni karibu nusu gigabaiti, "medium" ni gigabaiti moja na nusu hivi. Kompyuta ya kawaida isiyo na kadi ya michoro itachukua muda mrefu kuliko rekodi yenyewe, kwa hiyo iache usiku, ukiombea umeme. Jua ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na lugha zote zisizo za Kiingereza, 96 kwa ujumla, ziligawana saa 117,000 tu. Kiswahili chake ni cha mgeni anayejitahidi. Jua pia ina ugonjwa wa kutopenda kimya. Pale mhojiwa anaponyamaza kufikiri, inaweza kuandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema, au kurudia sentensi moja mara nyingi. Kama mhojiwa wako alilia akanyamaza, sikiliza mahali hapo kwa masikio yako mwenyewe.

Maneno yangu yanakwenda wapi?

Kwa programu nyingi za simu, sauti inasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni, inageuzwa maandishi, inarudi. Kwenye akaunti ya Google unaweza kuzima uhifadhi wa rekodi za sauti, na nakushauri ufanye hivyo leo. Lakini kama wewe ni muuguzi unayeandika habari za mgonjwa, au umemrekodi mtu akieleza aliyoyapitia, usitumie maikrofoni ya mtandaoni kabisa. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data binafsi tangu 2019, nayo inataka ridhaa ya mwenye habari. "Nilikuwa nataka kuandika haraka" si ridhaa. Kwa kazi za namna hiyo tumia Whisper ndani ya kompyuta, au kalamu.

Mimi natoka Bunia, Kiswahili changu ni cha Kongo. Nitaweza?

Karibu, kaka. Utaweza, lakini jiandae. Ukisema "batoto" au "tuko nafanya", mashine itakulazimisha uwe wa Mombasa, na ukitaja tarakimu kwa Kifaransa itapotea. Wachungaji wangu kutoka makazi ya wakimbizi ya Kyangwali na Kyaka husema kama wasemavyo nyumbani, kisha tunaketi pamoja kurekebisha. Sikubaliani na wale wanaowaambia wabadilishe ulimi kwanza. Mahubiri yaliyosemwa kwa ulimi wa kuazima hulala njiani.

Nikianza kusema mawazo yananikimbia. Nifanyeje?

Hili halina uhusiano na programu. Kuandika kwa kidole kunakupa muda wa kufikiri neno linalofuata, na kusema hakukupi. Ukiiangalia ile alama nyekundu ya maikrofoni unajisikia uko kizimbani.

Andika kwanza maneno matano kwenye karatasi, moja kwa kila aya. Barua ya kuomba likizo: salamu, sababu, tarehe, nani atashika nafasi, shukrani. Sema ukiitazama karatasi, usitazame skrini. Ukitazama skrini utaona kosa la kwanza, utasimama, na hutarudi. Yule afande hakupata shida hii kwa sababu alikuwa akinieleza mimi, si kompyuta. Niliketi mbele yake nikisema "ehee" na "ikawaje?", na kurasa sita zikatoka asubuhi moja. Kama huna wa kukusikiliza, fikiria mtu mmoja unayemjua, dada yako au mwalimu wako wa zamani, umweleze yeye.

Mwanangu yuko kidato cha pili na anafanyia kazi ya Kiswahili kwa simu. Nimruhusu?

Insha, ndiyo, kama atasahihisha mwenyewe. Imla, hapana. Atajua kusema "ng'ombe" bila kujua ile alama ya ritifaa inakaa wapi.

Koo linauma.

Kunywa maji, pumzika kila robo saa, punguza sauti. Maikrofoni si kiziwi, hata kama inajifanya.

Nikikuletea kazi iliyokwisha kuandikwa na simu, utanipunguzia bei?

Ukiniletea na rekodi ya sauti pamoja na maandishi, ndiyo, kwa sababu penye shaka nitasikiliza. Ukiniletea maandishi peke yake, bei ni ileile ya kuchapa upya, na nitakupigia simu mara kadhaa kukuuliza kama ulimaanisha mtalipa au hamtalipa.